Seva ya umma kwenye faiba ya nyumbani: nani hasa anahatarishwa?

"Nani atanitafuta mimi huku Mamboleo?" Swali hili nalisikia kila ninapomweleza mtu kwamba kompyuta aliyoiweka sebuleni na kuifungulia intaneti nzima ina hatari zake. Huulizwa kwa nia njema kabisa. Muulizaji ni mwalimu aliyetengeneza programu ya matokeo ya mtihani ili wazazi wayasome kwa simu. Ni mweka hazina wa chama asiyeona haja ya kulipia huduma ya nje wakati ana kompyuta ya mezani isiyo na kazi. Au ni kijana wa sekondari anayetaka wenzake waingie kwenye seva yake ya Minecraft wakati wa likizo. Faiba imeingia mitaa mingi ya Kisumu, Nakuru hali ni hiyo hiyo, na kompyuta za mitumba hazina bei kali. Nawaheshimu sana wanaojiwekea seva wenyewe, kwani ni wachache wanaoijua kazi hii vizuri bila kuishika kwa mikono yao. Lakini swali lao linachukulia kwamba mshambuliaji huanza kwa kumchagua mtu, na hivyo sivyo mambo yanavyokwenda.

Anwani za IP (namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti) za mfumo wa zamani, yaani IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa programu iitwayo ZMap. Walionyesha kwamba kompyuta moja yenye muunganisho wa gigabiti moja kwa sekunde inaweza kubisha hodi kwenye poti moja, yaani mlango wa huduma moja, ya kila anwani duniani kwa muda usiofika dakika 45. Kabla ya hapo, mwaka 2009, ulikuwa umeanzishwa mtambo wa utafutaji wa Shodan, ambao kazi yake ni kuorodhesha vifaa vilivyo wazi kwenye intaneti: kamera, ruta, seva, hata mitambo ya viwandani. Kwa hiyo hakuna anayehitaji kujua kama Mamboleo iko Kisumu au Kuala Lumpur. Programu hupita anwani moja baada ya nyingine usiku na mchana, na kinachojibu huandikwa kwenye orodha.

Yeyote aliyewahi kufungua poti 22, ile inayotumika kuendesha seva ya Linux kutoka mbali, anajua faili ya kumbukumbu inavyoonekana asubuhi ya pili. Mstari baada ya mstari: saa, jina lililojaribiwa, anwani iliyojaribu, imekataliwa. Majina ni yale yale: root, admin, test, ubuntu, oracle, pi. Hilo la mwisho lina historia yake. Kwa miaka mingi kompyuta ndogo za Raspberry Pi zilikuja na mtumiaji aitwaye pi na neno la siri raspberry, hadi Aprili 2022 watengenezaji walipouondoa utaratibu huo. Ukiwa na kadi ya kumbukumbu uliyoiandaa kabla ya hapo na hukubadilisha neno la siri, seva yako itafunguliwa na programu ambayo haijui hata kwamba wewe upo.

Wengine huihamisha huduma hiyo kutoka poti 22 kwenda 2222 wakidhani wamejificha. Kelele hupungua kweli. Ila poti zote ni 65,535, na mwenye nia ya kuzipitia zote atazipitia. Kuna jambo jingine ambalo mafundi wetu wengi hawajalizingatia: unapojipatia cheti cha usalama cha bure ili tovuti yako isomeke kwa HTTPS, jina la tovuti hiyo huandikwa kwenye daftari la wazi ambalo mtu yeyote duniani anaweza kulisoma. Kwa hiyo ule ukurasa wa majaribio ulioupa jina gumu, ukiamini kwamba wewe na rafiki yako tu ndio mnaoujua, umeshatangazwa. Programu za ukaguzi huanza kuugonga muda mfupi tu baada ya cheti kutolewa. Na cheti chenyewe hulinda data ikiwa safarini tu. Programu yako ikiwa na kasoro, mdukuzi ataingia kupitia HTTPS kama mgeni mwingine yeyote.

Je, uko hadharani kweli?

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, maana kuna nyumba ambazo haziwezi kuendesha seva ya umma hata zikitaka. Anwani za IPv4 zimekwisha. Akiba kuu ya dunia iligawiwa hadi tone la mwisho Februari 2011, na tangu hapo makampuni ya intaneti yamelazimika kuwapa wateja wengi anwani moja ya nje. Ni kama sanduku la posta la shule ya bweni: barua ya mwanafunzi yeyote hutoka ikiwa na namba ile ile ya sanduku, lakini mtu wa nje akiandika namba hiyo peke yake bila jina, barua haitajua imwendee nani. Mpangilio huo huitwa CGNAT. Data za simu huenda hivyo, Starlink kwa kawaida huenda hivyo, na vifurushi vingi vya nyumbani pia.

Kujua hali yako ni rahisi. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1, uitazame anwani ya upande wa nje. Kisha ilinganishe na ile ambayo tovuti za kuonyesha IP zinakuambia. Zikitofautiana, au ile ya kwenye ruta ikianza na 100 ikifuatiwa na namba kati ya 64 na 127, basi uko nyuma ya CGNAT na hakuna mtu wa nje anayeweza kukufikia moja kwa moja kwa IPv4. Kwa mwenye nyumba wa kawaida hiyo ni kinga ya bure.

Anayetaka seva hapo huchukua moja ya njia mbili. Hulipia anwani ya kudumu kutoka kwa kampuni yake ya intaneti, au hutumia taneli: programu kama ile ya Cloudflare au ngrok, inayotoka nyumbani kwenda kwenye seva za kampuni hiyo, na wageni wakapitia huko. Taneli ina faida za kweli. Anwani ya nyumba haionekani, wala hakuna poti inayofunguliwa kwenye ruta. Lakini nimeona watu wakiichukulia kama dawa ya kila kitu. Ukiuweka ukurasa wa kuingilia wa programu ya matokeo kwenye taneli iliyo wazi, ukurasa huo uko wazi kwa dunia nzima kama kawaida. Kasoro iliyomo itatumiwa vile vile, na atakayefaulu atajikuta ndani ya kompyuta iliyo sebuleni kwako.

Hadhari kwa wenye IPv6, mfumo mpya wa anwani: huko anwani ni nyingi kiasi kwamba kila kifaa hupata ya kwake ya nje. Ile hali ya kufichwa nyuma ya ruta haipo, na kinachobaki kuwalinda ni kizuizi cha ruta chenyewe. Hakikisheni kimewashwa.

Nyumba iliyo nyuma ya seva

Seva yenyewe huenda isiwe na kitu cha maana. Tatizo ni jirani zake. Kwenye nyumba nyingi ruta ni moja na mtandao ni mmoja: seva, simu za wazazi zenye programu za benki, laptopu ya mtoto wa chuo, televisheni, kamera za getini, na siku hizi laptopu ya kazini inayobebwa kila jioni. Vifaa hivi huaminiana kuliko vinavyowaamini wageni wa nje. Printa hukubali amri ya yeyote aliye ndani. Folda iliyogawanywa kwenye Windows huonekana na kila mtu aliye kwenye Wi-Fi. Mtu akiiteka seva, amepata mahali pa kukaa ndani ya mtandao huo, na kutoka hapo anaweza kutafuta kingine bila haraka.

Mfano ulioniathiri kuliko yote ni wa LastPass, kampuni ya Marekani inayowahifadhia watu maneno ya siri. Mwaka 2022 wadukuzi hawakuvunja tu mifumo ya ofisini. Walimfuata mhandisi mmoja mwandamizi hadi kwenye kompyuta yake ya nyumbani, wakaingia kupitia Plex, programu ya kuhifadhi na kutazama filamu. Kasoro waliyoitumia ilikuwa imerekebishwa na watengenezaji tangu Mei 2020, lakini mhandisi hakuwa amesasisha. Wakaweka programu ya kunasa kila herufi anayoiandika, wakapata neno lake kuu la siri, na mwisho wakaondoka na nakala rudufu za hazina za wateja. Kazi yake ya kila siku ilikuwa usalama wa siri za watu, na njia ya kumfikia ikawa programu ya filamu.

Kamera za usalama nazo zinastahili kuzungumziwa kwa kirefu, kwa sababu huku kwetu ndizo seva za umma ambazo wenyewe hawajui kuwa ni seva. Fundi anakuja, anafunga kamera nne na kisanduku cha kurekodi, mwenye duka anataka kuona duka lake la Kondele akiwa safarini Nairobi. Fundi anajaribu kuelekeza poti kwenye ruta, inakataa, saa zinakwenda. Anaona kitufe kilichoandikwa DMZ. Akikiwasha na kuandika anwani ya kile kisanduku, picha zinaonekana kwenye simu, analipwa, anaondoka. Alichofanya ni kuiambia ruta ielekeze kila poti kutoka nje kwenye kile kisanduku, ambacho mara nyingi bado kina neno la siri la kiwandani.

Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilionyesha matokeo ya jambo hilo. Ilikuwa na orodha ya jozi 60 hivi za majina na maneno ya siri ya kiwandani, ikazunguka intaneti ikijaribu kamera, visanduku vya kurekodi na ruta. Ikateka vifaa kwa mamia ya maelfu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa vya nyumbani lilielekezwa kwa kampuni ya Dyn, ambayo tovuti nyingi kubwa ziliitegemea ili majina yao yapatikane, na Twitter, Netflix na Reddit zikawa hazifikiki kwa watu wengi Marekani. Walioitengeneza walikuwa vijana, na walikiri makosa mahakamani mwaka 2017. Wenye kamera hawakuona dalili ya maana, kwani getini palionekana kama kawaida na rekodi ziliendelea. Kamera yako inaweza kumshambulia mtu asiyekujua huku wewe ukiitazama na kuridhika.

Na mzazi ambaye mtoto wake anaendesha seva ya mchezo asifikiri kwamba mchezo ni mchezo. Desemba 2021 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina Log4Shell, na sehemu moja ya kwanza ilipoonekana ikitumiwa ni kwenye seva za Minecraft. Mchezaji aliandika mstari mmoja maalumu kwenye gumzo la mchezo, na seva ikaenda kuchukua programu kutoka nje na kuiendesha. Hakuhitaji neno la siri wala ujuzi mkubwa. Watengenezaji walitoa marekebisho upesi. Swali ni kama kijana aliyeiweka seva mwezi wa nane anajua kwamba mwezi wa kumi na mbili inahitaji kusasishwa.

Laini moja ya kila kitu

Tuchukue kifurushi chenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde kwenda nje. Hiyo ni megabaiti 1.25, kwani baiti moja ni biti nane. Ukurasa wenye picha za megabaiti 2 unachukua zaidi ya sekunde moja kumfikia mgeni mmoja. Matokeo yakitangazwa na wazazi 50 wakafungua kwa pamoja, itapita zaidi ya dakika moja kabla ya wote kuhudumiwa, na muda huo wote hakuna mtu nyumbani atakayeweza kufanya mkutano wa video. Hapo hakuna adui hata mmoja. Adui akiwepo, hesabu ni mbaya zaidi, maana kuijaza laini ya nyumbani ni kazi ndogo sana. Julai 2023 mashambulizi ya kufurika yaliikwamisha eCitizen, mfumo wa serikali nzima wenye wataalamu wake. Nyumba ina ruta moja iliyotolewa bure na kampuni. Wakati mwingine anayelipia shambulio la aina hiyo ni mtoto mwingine aliyeshindwa kwenye mchezo.

Kampuni ya intaneti nayo ina uamuzi wake. Mikataba mingi ya vifurushi vya nyumbani hukataza kuendesha seva au kutoa huduma kwa umma. Hawafuatilii hadi siku trafiki ya ajabu itakapotoka kwenye laini yako, na siku hiyo laini hukatwa kwanza, maelezo yakafuata. Barua pepe usijaribu kabisa: anwani za nyumbani ziko kwenye orodha ambazo watoa huduma wakubwa huzitumia kukataa barua, na mara nyingi poti 25 imefungwa.

Stima ni suala lenyewe. Mwaka 2023 nchi nzima iliingia gizani Agosti, Novemba na tena Desemba, na wakazi wa magharibi wanajua kwamba mvua kubwa tu yenye radi inatosha kuzima mtaa. Kompyuta ikizimika katikati ya kuandika kwenye hifadhidata, faili huharibika. Halafu kuna bili. Kompyuta ya mezani inayokula wati 100 saa zote inatumia uniti 72 kwa mwezi, ambazo kwa kadirio la shilingi 25 kila uniti ni shilingi 1,800. Seva ndogo ya kukodi kwenye wingu huanzia dola 5 hivi kwa mwezi. Wengi wanaoniambia wanaokoa pesa hawajapiga hesabu hii.

Majina ya watu wengine

Hatari ninayoiona kuwa nzito kuliko zote ni ile inayomwangukia mtu ambaye hakuulizwa. Mwalimu anaweza kukubali kuhatarisha kompyuta yake. Hana haki ya kuhatarisha majina ya watoto 300, alama zao na namba za simu za wazazi wao. Tapeli akiwa na orodha hiyo anampigia mzazi, anamtaja mtoto kwa jina lake kamili na darasa lake, anasema ameanguka shuleni na pesa za hospitali zinahitajika mara moja. Ni mzazi gani atakayesita?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haitofautishi seva ya sebuleni na ya benki. Anayekusanya data za watu anawajibika kuzilinda, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na hapo hakukuwa na udukuzi wowote.

Kwa hiyo kabla ya kugusa ruta, jiulize nani anahitaji kuifikia seva hii. Jibu likiwa ni wewe na watu watano wa familia au kamati ya chama, hamhitaji seva ya umma. Mnahitaji WireGuard au Tailscale, programu zinazounganisha vifaa mnavyovijua tu, na intaneti nyingine haioni chochote. Mwenye duka la Kondele angetazama kamera zake hivyo na kitufe cha DMZ kikabaki kimezimwa. Jibu likiwa ni umma, kodi seva ya nje, ili ikitekwa iwe imetekwa huko na siyo hatua mbili kutoka kwenye simu ya mama. Nyumbani endelea kujifunzia kwa uhuru wote, bila kufungua.

Anayesisitiza kuiweka nyumbani aitenganishe. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni usiogusana na ule mkuu. Kama seva ni ya waya, ruta ya pili au swichi yenye uwezo wa kugawa mitandao itafanya kazi hiyo. Tumia ufunguo badala ya neno la siri kwenye poti 22, washa masasisho ya usalama yajiendeshe, weka nakala rudufu kwenye diski ambayo haikai imeunganishwa, na zima UPnP kwenye ruta, maana huduma hiyo huruhusu kifaa chochote cha ndani kujifungulia poti bila kukuuliza.

Na mradi ukiisha, ondoa kanuni ya kuelekeza poti uliyoiweka kwenye ruta. Hili husahaulika kuliko yote. Poti 80 ilielekezwa kwenye 192.168.1.20, seva ikazimwa na kuuzwa, miezi ikapita. Siku moja ruta inaigawa ile namba 20 kwa laptopu ya mtoto, na tangu dakika hiyo wageni wa poti 80 wanapelekwa kwake.

Ukigundua kwamba tayari umeingiliwa, chomoa waya wa mtandao na usiifute mashine, kwa sababu kumbukumbu zilizomo ndizo zitakazoonyesha nini kilichukuliwa. Badilisha maneno ya siri ukitumia kifaa kingine ambacho hakikuwa kwenye mtandao ule, ukianza na barua pepe. Waambie wenye data mapema, kwa simu ikibidi, kabla tapeli hajawapigia. Kama kilichotoka kinaweza kuwadhuru, sheria inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na saa hizo huanza kuhesabiwa pale ulipojua.